Mawe Manne ya Kona

Udongo wa Kitengela haupendi nyumba ya mawe. Mvua ikinyesha huvimba kama unga uliotiwa hamira, jua likiwaka hupasuka, na kuta zilizojengwa juu yake huachana polepole mwaka baada ya mwaka, hadi unaweza kumwona jirani akinywa chai yake. Hilo nililijua kabla ya wakandarasi wote waliokuja na matingatinga. Ndiyo maana nyumba yangu niliisimamisha juu ya vishina kumi na sita vya zege, na juu ya vishina hivyo nikaweka fremu za mbao, futi nne kwa futi nane, zilizoshikwa kwa bolti na nati. Ukuta ukichoka unautoa. Chumba kikizidi unakipunguza. Ukihama, unahama nayo.

Kuchora nilijifunza nikiwa karani wa stoo katika karakana ya mbao huko Nairobi. Wenzangu walipotoka kazini walikwenda kunywa. Mimi nilikwenda darasani, miaka sita, na cheti changu kilisainiwa na watu ambao hawakunijua mimi wala baba yangu. Walijua kazi yangu tu.

Niliporudi nyumbani kujenga, watu wa rika langu walicheka. Kwetu nyumba ni kazi ya mwanamke. Yeye hukata fito, huzisuka, hukandika samadi, na ikiisha nyumba ni yake. Mume huingia humo kama mtu aliyekaribishwa. Lemein, tuliyetahiriwa naye mwaka mmoja, alinikuta juu ya ngazi na spana mkononi, akaniuliza kama nimeshapata mume. Nilimjibu kwamba mimi nitakuwa mwanamume wa kwanza katika ukoo wetu kulala chini ya paa lake mwenyewe. Neno hilo nililirudia miaka mingi kwa kila mgeni aliyekunywa chai kwangu.

Mke wangu Naipanoi alishika upande wa pili wa kila fremu. Hakuwa amesoma. Nilipaka herufi kwenye fremu, kutoka A mpaka P, na namba chini ya kila herufi, ili siku ya kuhama kila moja irudi mahali pake. Yeye nilidhani hazitazami herufi hizo. Alizijua fremu kwa vifundo vya mbao, kama mtu anavyowajua mbuzi wake.

Kona ndiyo iliyonishinda. Fremu mbili zikikutana pembeni na kufungwa pamoja, huwezi kutoa moja bila kuyumbisha nyingine, na paa juu yake linalegea. Nilichora wiki tatu nikifuta. Siku moja Naipanoi alikuwa akisubiri maji yachemke. Alichukua vijiti vitatu vya kuni. Viwili akavichomeka ardhini kwa pembe, cha tatu akakisimamisha kati yavyo, akavifunga vile viwili kwenye hicho cha tatu kwa uzi wa katani. Kisha akafungua uzi na kukichomoa cha tatu. Vile viwili vikabaki vimesimama, kila kimoja peke yake.

"Usizifunge zenyewe kwa zenyewe," alisema. "Zifunge kwa huyu. Huyu akitoka, kila mtu anaenda zake."

Nilikuwa nimeshachora kabla chai haijaiva. Nguzo huru ya kona, bolti pande mbili, ncha yake ya juu ikiingia kwenye tundu la boriti ya paa. Chini ya mchoro niliandika kwa herufi kubwa, kama tulivyofundishwa: KONA YA KASAINE.

Nguzo zenyewe zilipoletwa kutoka kwa mkata mbao, zote nne zilikuwa fupi kwa upana wa kiganja. Nilimgombeza yule mtu, Hiram, mbele ya wateja wake, naye akanitazama tu kama mtu anayetaka kusema neno halafu akaliacha. Naipanoi aliziba pengo kwa mawe bapa ya mtoni, moja chini ya kila nguzo. Nilimwambia hayo ni mambo ya manyatta, ya nyumba za samadi, kwamba zege halihitaji jiwe, na kwamba siku moja nitaleta nguzo za kipimo sawa. Alisema, "Sawa." Sikuzileta. Lakini kwenye mchoro nilihakikisha nguzo imeandikwa urefu wake unaostahili, kutoka zege mpaka boriti, na mawe sikuyachora. Mawe si sehemu ya jengo.

Tulihama na nyumba hiyo mara tatu bila kutoka shambani. Shamba langu lilianzia barabarani, na kila nilipouza kipande, nyumba ilirudi nyuma, juu ya vishina vipya. Naipanoi sikumuuliza juu ya vipande hivyo. Siku za kuhama mimi nilikaa upande huu na daftari nikisoma herufi na namba kwa sauti, naye upande ule na wanawake wa kanisa. Kwenye kila kona aliinama, akagonga kitu kwa kisigino cha shoka, na nguzo ikatoka. Sikuwahi kuzunguka kutazama alichogonga. Kona ilikuwa inafunguka kama nilivyoichora, na hilo lilinitosha.

Bi Lorna alikuja mwaka jana mwezi wa pili. Ni mwalimu wa usanifu wa majengo, mkaazi wa Laiser Hill, umri wake hauzidi miaka thelathini na mitano. Alikuwa anaandaa maonyesho ya majengo yanayoweza kufunguliwa na kupangwa upya. Alisema siku hizi jengo linabomolewa likiwa bado na mbao nzuri, chuma kizuri, na vyote vinatupwa, na kwamba wasomi wa nchi nyingi wanahangaika kutafuta njia nyingine. Nilimsikiliza huku nikijaribu kuzuia tabasamu. Njia nyingine ilikuwa imesimama nyuma ya zizi langu kwa zaidi ya miaka thelathini.

Alipima kila kitu. Aliingia chini ya sakafu kwa magoti na suruali yake safi. Alipofika kwenye kona alipitisha mkono kwenye nguzo juu mpaka chini.

"Mzee, hii ni nani aliifikiria?"

Naipanoi alikuwa anamimina chai. Birika likasimama hewani.

"Mimi," nilisema. "Miaka ile ya masomo ya jioni."

Chai ikaendelea kumiminika. Bi Lorna aliuliza kama ni kazi ngumu kuifungua, mafundi wangapi, siku ngapi. Nikamwambia kwamba nimeifanya iwe nyepesi hivi kwamba hata mwanamke ambaye hajaona mlango wa shule anaweza kuifungua, mradi apewe spana. Alitabasamu kidogo, akageuka kumtazama mwenye chai. Naipanoi alikuwa ameshatoka na sinia.

Jioni hiyo kabla ya chakula alikuja kukaa mbele yangu, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

"Baba Soipan, ule mchoro wa kona uko na jina?"

"Uko nalo."

"La nani?"

"La aliyeuchora."

"Sijauliza kuchora."

Aliniambia hataki kupigwa picha wala hataki kupelekwa Nairobi kusimama mbele ya watu. Anataka jambo moja: jina lake liandikwe kwenye kona, hata likiwa chini ya langu. Alisema ameifungua nyumba hiyo na kuifunga mara tatu kwa sababu ya ardhi niliyouza bila kumwambia, na katika mara zote tatu hajaniomba kitu.

Nilimjibu kwamba mchoro ni hati. Si kadi ya harusi ambamo mtu huandika majina ya wote waliopika. Hapo ningenyamaza, lakini sikunyamaza.

"Na hata nikiliandika," nilisema, "utalisoma vipi?"

Aliinuka akaenda kutazama ndama.

Wiki iliyofuata, Jumatano, nilikwenda Kajiado kutafuta nakala ya ramani ya shamba ambayo Bi Lorna alihitaji kwa maonyesho yake. Faili ilichelewa kupatikana, nikalala kwa mpwa wangu Emmanuel. Alhamisi saa kumi alasiri nilishuka barabarani Kitengela na kuanza kutembea kuelekea nyumbani nikiwa na ramani ndani ya bahasha. Ukipita ua wa mwisho wa majirani, kitu cha kwanza unachokiona ni paa langu. Siku hiyo niliona ng'ombe wa mtu mwingine, na nyuma yao mbingu tupu mpaka vilima.

Vishina kumi na sita vilikuwa pale, mistari minne ya vinne, vimefagiliwa. Katikati yake kulikuwa na kitanda changu, meza yangu ya kuchorea na sanduku la michoro, vyote vimefunikwa kwa turubai na kufungwa kamba kwa mafundo mazuri. Sikuona msumari uliosahaulika. Nilizunguka kona zote nne. Hata mawe yake bapa alikuwa ameyabeba, na katika hasira yangu nilicheka kwamba mwanamke amejaza lori mawe ya mtoni.

Kalekye, jirani anayeuza mboga kando ya njia, alinieleza bila mimi kuuliza. Wanawake saba, spana nne. Walianza saa mbili asubuhi na lori la jirani yetu Mukai likaondoka saa tisa. Nilimuuliza kama walikuwa wanaimba.

"Hapana. Walikuwa kimya kama watu wa kanisani. Mama Soipan alikuwa anaonyesha kwa kidole tu, hii, halafu hii." Akapanga nyanya zake upya. "Kusema ukweli, mzee, nilidhani umeuza tena."

Walikuwa wamekwenda Mashuuru. Binti yetu Soipan anafundisha huko, naye ana ploti aliyoinunua kwa mshahara wake, ploti ambayo nilikuwa nimekataa kwenda kuiona kwa sababu alinunua bila kunishauri.

Nilimpelekea Lemein shauri langu. Siku hizi yeye ni mtu wa kusikilizwa katika rika letu, na baraza lake ni benchi ndani ya duka lake la dawa za mifugo. Kulikuwa na wazee wengine wawili. Nilisema nyumba yangu imechukuliwa na nataka irudishwe. Lemein alifikiri, au alijifanya kufikiri.

"Nani aliijenga?"

"Mimi. Unajua ni mimi. Ulinikuta juu ya ngazi."

"Nilikukuta, ndiyo." Akawatazama wale wawili. "Kasaine, mwenzangu. Kama wewe ndiye uliyejenga nyumba, basi wewe ni mwanamke, na mashauri ya wanawake hayaletwi hapa. Na kama si wewe uliyeijenga, umekuja kudai nini?"

Walicheka mpaka mmoja wao akajifuta macho kwa shuka. Utani ule Lemein alikuwa ameuweka zaidi ya miaka thelathini, ukaiva. Nilitoka bila kuaga. Polisi sikwenda, wala kwa wakili. Nilipanga chumba kimoja Kitengela mjini, katika nyumba ya mawe ya ghorofa mbili. Ukuta wa kando ya kitanda ulikuwa na ufa wa kuingiza kidole. Nilipima siku niliyoingia, nikapima tena baada ya mvua za mwezi wa nne. Vidole viwili.

Bi Lorna alipokuja na wageni wake watatu, nilikutana nao kwenye vishina. Nilikuwa nimevaa koti. Nilimwambia nyumba imehamishwa Mashuuru kwa majaribio, ili maonyesho yake yawe na jambo la kuonyesha. Aliuliza watu wangapi, nikasema saba. Aliuliza muda, nikasema saa saba za kazi, bila jeraha, bila mbao iliyopasuka. Alikuwa anaandika haraka kwa furaha. Hakuna ushahidi bora kuliko huo, alisema. Niliwapa michoro yote. Walipoondoka kwenda Mashuuru kupiga picha, nilisema miguu inaniuma.

Simu yake ilikuja wiki mbili kabla ya maonyesho. Wanafunzi walikuwa wamejenga kona moja kutoka kwenye mchoro wangu, kwa ukubwa wake kamili, ili watu waifungue na kuifunga kwa mikono yao wenyewe. Ilisimama vizuri. Ila haifunguki. Bolti zinatoka, lakini nguzo imebanwa, juu ncha yake imo kwenye boriti, chini imekaa juu ya zege. Haiwezi kupanda wala kushuka.

"Sasa inapitia wapi ikitoka, mzee?"

Nilimwambia asubiri. Nilikunjua nakala yangu mezani nikaiangalia. Niliiangalia kama mtu anayeangalia uso wa ndugu yake na kugundua hajui rangi ya macho yake. Mistari ilikuwa safi. Vipimo vilikuwa sahihi. Nguzo ilikuwa haina njia ya kutoka.

Nilimuuliza kama aliwahi kumuuliza mke wangu. Alisema ndiyo, siku ileile ya kupiga picha, alimuuliza habari za kona.

"Akasema nini?"

"Alisema niulize mwenye mchoro."

Nilichukua gari la Mashuuru kesho yake. Nilikuwa na mchoro chini ya kwapa na sikuwa nimeamua nitasema nini. Nyumba niliiona kutoka mbali, na kwa kitambo sikuitambua. Haikuwa tena ndefu kama nilivyoipanga. Alikuwa ameikunja pande mbili, ikakumbatia ua mdogo, mgongo wake ukielekea upepo wa jioni, na mahali pa dirisha langu la kuchorea palikuwa na mlango. Fremu za herufi F zilikuwa zimesimama kando ya zile za M. Kila mpangilio ulikuwa tofauti na daftari langu, na hapakuwa na pengo la kupitisha kisu.

Nilibisha hodi kwenye mlango niliouranda mwenyewe. Naipanoi alinikaribisha, akanionyesha kiti, akaleta chai katika kikombe cha wageni. Soipan alikuwa shuleni. Tuliulizana habari za mvua na za ng'ombe. Nilikaa karibu na kona, na nilipoinama kuweka kikombe chini, nililiona jiwe.

Lilikuwa lilelile, bapa, jeusi upande mmoja, limekaa kati ya zege jipya na nguzo. Pembeni mwake lilikuwa na alama nyeupe mahali kisigino cha shoka kilipogonga miaka yote. Nikaelewa bila kuambiwa. Unagonga jiwe linatoka. Nguzo inashuka kwa upana wa kiganja. Ncha inaachana na boriti. Nguzo inaegama nje, na kila mtu anaenda zake. Hiram hakukosea kipimo. Alikuwa amekata alivyoambiwa, na aliyemwambia alikuwa amesimama kando siku nilipomgombeza.

Nilipoinua uso Naipanoi alikuwa ananitazama.

"Umeliona," alisema.

Nilikuwa nafikiri kwamba sasa ninajua, na kwamba ningeweza kunywa chai, kushukuru, kupanda gari la kurudi na kuchora jiwe kwa mistari minne midogo. Hakuna mtu angejua. Nilikuwa nimefanya hivyo mara moja, kabla ya chai kuiva, na sikuona aibu. Alijua ninafikiri hivyo. Alikaa na mikono juu ya magoti, akaniacha nifikiri mpaka mwisho.

"Sasa utaandika la nani?"

Nilitandaza mchoro juu ya meza. Nilichora jiwe chini ya nguzo, nikafupisha kipimo. Kisha nikapiga mstari juu ya maneno yale ya chini, KONA YA KASAINE, na kando yake nikaandika kwa herufi kubwa. Nikamsogezea karatasi, na kalamu juu yake, kama mtu anayempa mwenzake zawadi.

Aliweka kidole kwenye herufi ya kwanza. Alikwenda polepole, herufi kwa herufi, midomo ikisogea, na alipofika mwisho wa neno alirudi mwanzo akalisema lote.

"Naipanoi."

Nilimuuliza alijifunza wapi.

"Umeniandikia herufi ukutani miaka thelathini," alisema. "Ulidhani natazama nini nikipika?" Kidole kikasogea mbele. "Na haya mengine ni gani?"

"Soma."

"Nataka uyaseme wewe."

Nikayasema. "Mke wa Kasaine."

Alitikisa kichwa, si kwa hasira. Alisukuma karatasi ikarudi upande wangu.

"Huyo alibaki Kitengela," alisema. "Huyo hakujenga kona. Futa."

Nilimwambia ni wino, haufutiki. Alisema basi nipige mstari, kama nilivyopiga kwenye jina langu. Nikapiga. Mstari ulikuwa umenyooka ingawa sikuwa na rula. Kisha akaniuliza kama nataka chai nyingine kabla ya gari la mwisho, akaniita mzee, kama anavyomwita mtu yeyote anayepita.

Kona ilifunguka kwenye maonyesho. Bi Lorna alinitumia picha yake kwa simu, na nyingine ya mchoro ukiwa ndani ya kioo. Nimeikuza picha hiyo mara nyingi hapa chumbani, kando ya ukuta wenye ufa. Jina linasomeka vizuri. Yale maneno matatu yanayolifuata yanasomeka pia, chini ya mstari nilioupiga.